Siku Kwaya Yetu Ilipoimba na Birika Kifuani

Kuna watu hapa Kawangware ambao hadi leo wakinipata njiani wananiuliza kama chai imeiva, na mimi nacheka tu naendelea na safari yangu, kwa sababu nikianza kuwaeleza itabidi nieleze yote, na yote ni ya aibu. Lakini nyinyi ni watu wangu, na mambo yenyewe yameshapoa, kwa hivyo wacha niwaambie vile nilivyoaibisha kwaya nzima ya watu arobaini na wawili mbele ya kanisa lililojaa mpaka madirishani, na yote ilianza na mimi kubonyeza mahali pamoja tu kwenye kompyuta.

Naitwa Perez, kazi yangu ni kushona. Naishi Mashimoni, Kibera, lakini chumba chetu cha kazi kiko Kawangware, kituo cha matatu cha 56, nyuma ya ile safu ya saluni, na ndani kuna cherehani nne na mashine moja kubwa ya kutarizi, ile inayochora nembo za shule na makanisa kwa uzi, mchoro wenyewe ukitoka kwa kompyuta. Nasema chetu kwa sababu ni mimi na Njeri. Njeri ndiye kichwa. Mimi nakata na kushona, yeye anashika kompyuta, na humo alikuwa ameweka michoro ya nembo zote na vipimo vya wateja wote tangu tuanze, hivi kwamba hata ukipotea miaka miwili ukirudi unataka suruali tunafungua jina lako na kujua kiuno chako kilikuwa wapi (na tunanyamaza kuhusu kilikoenda).

Mwezi huo Njeri alikuwa nyumbani na mtoto wa wiki tatu, na ndipo tukapata kazi kubwa kuliko zote: sare mpya za kwaya ya kanisa letu kule Kibera. Kwaya yenyewe inaitwa Kwaya ya Taa, na ilikuwa imealikwa kuimba kwa tamasha la kwaya kwenye kanisa moja kubwa la hapa Kawangware. Wanawake walitaka magauni ya rangi ya damu ya mzee, wanaume suruali nyeusi na vizibao, na kila mtu kifuani awe na nembo ya taa ya chemli. Nilipima wote arobaini na wawili, nikaingiza kwa kompyuta vile Njeri alinifunza, halafu karatasi nilizokuwa nimeandikia nikampa jirani anayeuza mandazi afungie wateja. Kompyuta iko, karatasi ni za nini.

Sasa, Jumatatu asubuhi ile programu ya michoro ikaandika kwamba muda wake umeisha, lipia. Nikampigia Njeri.

"Usiguse kitu," akaniambia. "Nitakuja Alhamisi niilipie mwenyewe."

Alhamisi niliiona mbali. Na kuna grupu ya mafundi wa nguo kwenye simu, na huko mtu nisiyemjua, namba tu bila picha, alikuwa ameweka linki ya programu ile ile, ya bure kabisa, pamoja na maelezo. Maelezo ya kwanza yalisema: zima antivirasi kwanza, itakusumbua bure. Hebu fikirieni, mtu anakwambia ufunge mbwa wako kwanza ndipo aje kukutembelea. Mimi nilifunga mbwa, nikafungua geti, na karibu niandae chai.

Programu ilifanya kazi vizuri siku nzima, hata nikawa najisifu moyoni kwamba kumbe kompyuta si kitu cha Njeri peke yake. Jumanne nikafungua mlango, nikawasha skrini, na kila faili ilikuwa nyeupe, na mwisho wa kila jina kumeongezwa herufi ambazo hazisomeki. Katikati palikuwa na maandishi mekundu, Kizungu kilichonyooka, kwamba wamefunga kila kitu, tukitaka ufunguo tuwalipe kwa zile pesa za mtandaoni zinazoitwa bitcoin, tuna siku saba, na chini yake saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma. Nikasoma mara tatu. Halafu nikazima skrini, nikaifunika na kipande cha kitambaa cha bitana, kama mtu anayefunika maiti.

Ndipo nikakumbuka kwamba Njeri huwa anaweka nakala ya kila kitu kwenye flashi, ndani ya droo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikaichukua ile flashi, nikaichomeka kwenye kompyuta ile ile iliyougua (najua, najua, nyamazeni), nikakaa nikitazama jina moja likibadilika, na la pili, na la tatu, taratibu, mpaka flashi nayo ikaisha. Sijawahi kujiona mjinga hivyo nikiwa peke yangu. Kawaida lazima kuwe na mtu wa kukuona, lakini siku hiyo nilitosha mwenyewe.

Kulikuwa na mahali pa kuwaandikia hao watu, nikawaandikia. Niliwaambia mimi ni fundi mdogo wa Kawangware, hizo ni nguo za kwaya, na Mungu anaona. Baada ya saa moja walinijibu kwa adabu kuliko wateja wangu wengi: pole kwa usumbufu, tumeona wewe ni biashara ndogo, tutakupunguzia nusu. Nusu yenyewe ilikuwa inatosha kununua chumba, mashine zote, na mimi nikiwa ndani. Nikabishana nao kama niko soko la mitumba, nikawaambia bei yangu ya mwisho, na hawakunijibu tena.

Mtaniuliza kwa nini sikumpigia Njeri hapo hapo. Nilishika simu mara kadhaa. Lakini aliniambia nisiguse, nikagusa, na sasa kazi yake ya miaka yote imefungwa na mimi, na yeye yuko na mtoto mchanga ambaye hata hajui kulala. Nikajiambia nitatatua kwanza, halafu nitamwambia ikiwa imeshakwisha. Na ndivyo uongo ulivyoingia, kwa sababu mchana huo Mwalimu Shadrack, mwalimu wa kwaya yetu, alinipigia.

"Fundi, vipimo vyote unavyo?"

"Ninavyo, Mwalimu."

"Viko salama kwa kompyuta?"

"Viko kwa kompyuta," nikasema, na kwa hilo sikudanganya.

"Kama kuna wa kupimwa tena tuko mazoezi kesho jioni, usione haya."

"Hakuna haja, Mwalimu."

Hapo ndipo ningeponea, na mlango ulikuwa wazi kabisa, nikaufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini mazoezini nilienda. Na kwa kuwa singeweza kutoa tepu bila kuulizwa, nikaamua kupima watu kwa kuwakumbatia. Ndiyo, mmesikia vizuri. Nilisimama mlangoni nikawa nasalimia kila anayeingia kwa kumkumbatia, huku nahesabu vidole vyangu vimekutana wapi mgongoni, halafu nakimbilia chooni kuandika. Mama Brayo, ambaye ndiye sauti yetu kubwa, mwanamke mwenye mwili wake na heshima yake, nilipomkumbatia mikono haikukutana, nikaandika tu "haikukutana, imebaki shubiri." Mzee Ezekiel anayeimba besi nilimrudia mara tatu kwa sababu alikuwa amevaa koti, mpaka mkewe akanisogelea akaniambia polepole, "Fundi, huyo ameshasalimiwa." Nikamkumbatia hata Diana, dada wa sauti ya pili, anayeishi mtaa wa Nyayo Highrise na kazi yake mjini ni kulinda kompyuta za ofisi zisiingiliwe. Yaani nilikuwa nimemshika mwenye dawa mikononi mwangu, na kitu pekee nilichokuwa nawaza ni kiuno chake.

Ikabaki nembo. Niliichora ile taa kwa kalamu, kutoka kichwani, nikampelekea fundi mwingine wa ng'ambo ya barabara aliye na kompyuta, akaigeuza iwe mchoro wa mashine, akanipa kwenye flashi nyingine, kisha nikatarizi zote arobaini na mbili. Mimi niliona taa. Niwaambie ukweli, nilikuwa nimeshona usiku na mchana bila kunyoosha mgongo, na ungenionyesha hata mbuzi ningeona taa.

Alhamisi Njeri alitaka kuja, nikamwambia asisumbuke, mtu ameshanilipia ile programu (uongo mwingine huo). Na nguo nilizipeleka siku yenyewe ya tamasha, Jumapili baada ya ibada, kwa makusudi, kwa sababu wakizijaribu mapema watajua.

Walivalia kwenye chumba cha watoto wa Sunday school, na mimi nikabaki nje nikijifanya napokea simu.  Halafu nikasikia Mama Brayo akisema kwa utulivu, "Hii ni ya binti yangu." Nikaingia. Suruali ya Mzee Ezekiel ilikuwa imekomea katikati ya shavu la mguu, soksi zote nje. Kuna ndugu mwembamba wa sauti ya tatu ambaye kizibao chake kingeweza kubeba yeye na mgeni wake. Gauni la Mama Brayo lilikataa kufunga nyuma, tukamtupia leso mabegani. Wengine wakabadilishana, wengine wakabana na pini, na Mwalimu Shadrack akawa ananitazama tu, akivuta tumbo ndani ili vifungo vitatu vya kizibao chake vishike. Kisha jina letu likaitwa.

Tuseme likaitwa nusu. Mshereheshaji alikuwa amepoteza karatasi yake ya ratiba, kwa hivyo kwaya ilipopanda jukwaani akaangalia vifua vyao, akasogea, akaangalia tena, akasema kwenye maikrofoni, "Na sasa tuwakaribishe kwa shangwe wageni wetu kutoka Kibera, Kwaya ya... Kwaya ya Birika."

Nikaangalia na mimi. Kwa mara ya kwanza niliiona. Mpini juu, mdomo pembeni, tumbo pana chini. Ilikuwa birika, tena birika nzuri, arobaini na mbili, za uzi wa dhahabu. Kanisa likaangua kicheko. Mwalimu Shadrack, kwa kuwa ni mwalimu, akainua mikono yake yote miwili waanze, na vifungo vikatoka vitatu kwa pamoja, kimoja kikaenda kulia kwenye ngoma, tii, watu wote wakasikia.

Lakini wale watu waliimba. Hilo silisahau. Mama Brayo alishika leso yake kwa mkono mmoja, akafungua mdomo, na kufikia ubeti wa pili hakuna aliyekuwa anacheka, hata watoto waliokuwa wamening'inia madirishani walitulia. Nikajiambia, imepita, sasa toka polepole kabla hawajamaliza. Nilikuwa nimefika mlangoni nilipomsikia Mwalimu. Kumbe walikuwa wamepanga tangu mwanzo wa mwezi kwamba baada ya wimbo watanishukuru mbele ya watu, na Mwalimu akipanga kitu hakibadilishi.

"Fundi wetu yuko hapa," akasema. "Perez, njoo."

Safari ya kutoka ule mlango hadi mbele nadhani ni hatua thelathini, na mimi nilizeeka kila hatua. Nilikuwa nimetayarisha la kusema, kwamba kitambaa kilipungua baada ya kuloweshwa. Nikapewa maikrofoni, nikainua macho, na nyuma kabisa kwenye kiti cha mwisho nikamwona Njeri na mtoto kifuani. Alikuwa amekuja kuona kazi yetu. Ule uongo wa kitambaa nikauacha.

"Kompyuta yetu imetekwa nyara," nikasema.

Mzee mmoja wa kanisa lile, wa viti vya mbele, akauliza, "Waliitekea wapi?"

"Hapo hapo kazini, mzee."

"Na walienda nayo upande gani?"

"Hawakuenda nayo. Iko pale mezani. Ni ndani ndiyo wamefunga."

Watu wakaanza kucheka tena, nikawaacha wacheke, halafu nikaeleza yote, linki, antivirasi, flashi, kukumbatia (hapo mke wa Mzee Ezekiel alishika kichwa), uongo kwa Mwalimu, uongo kwa Njeri. Nilipomaliza hakuna aliyekuwa anacheka. Nikangoja kuzomewa.

Ndipo akasimama mwanamume wa makamo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale pale 56, mtu ambaye mimi nampita kila siku. Akasema, "Mimi pia. Mwaka jana. Orodha yangu yote ya stoku. Nilimwambia hata mke wangu kwamba kompyuta iliungua na stima." Mkewe, aliyekuwa ameketi kando yake, aligeuka taratibu akamwangalia, na nadhani huko nyumbani walikuwa na mazungumzo marefu. Halafu mama mmoja mwenye duka la dawa akasema bila kusimama kwamba yeye aliwalipa, akakopa akawalipa, na wakamfungulia chini ya nusu, wakataka tena. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alikuwa anasema huku anaangalia mikono yake.

Diana akatoka kwenye safu ya pili ya kwaya, na birika yake kifuani, akanijia.

"Fundi, si ulinikumbatia Jumatano?"

"Nilikukumbatia."

"Na hukuona ni vizuri kuniambia?"

Nikampa Mwalimu maikrofoni, nikatoka nje. 

Nje ya kanisa Njeri alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Alinipa mtoto kwanza nimshike, akakaa kando yangu, kisha akasema, "Ile taa nilishaitarizi kwenye kitambaa cha mfano kabla sijajifungua, Mwalimu alipokuja kuuliza bei. Iko ndani ya mashine. Mashine yenyewe inakumbuka michoro ya mwisho, haihitaji kompyuta." Nikamwangalia. "Ungenipigia tu, Perez." Nililia pale na mtoto wa watu mapajani, naye akanitazama kwa mshangao, nafikiri alikuwa amezoea kuwa yeye ndiye analia.

Jumatatu Diana aliomba ruhusa kazini akaja. Ndiye aliyetuambia jina la ule ugonjwa, ransomware, na kwamba siku hizi hautafuti mabenki peke yake, unatafuta mlango wowote uliolegea, awe ni daktari wa meno, shule ndogo, au fundi wa nguo. Aliitoa diski ya ile kompyuta iliyofungwa akaandika tarehe juu yake, akatuambia tuitunze, kwa maana wakati mwingine funguo za hao watu hupatikana baadaye. Tukapeleka taarifa polisi, na afisa aliyeiandika alituuliza kwa sauti ya chini jinsi ya kuangalia kama kompyuta ya dukani kwa shemeji yake iko salama. Tukaanza kuwapigia wateja mmoja mmoja, na wengi walikuwa bado na nembo zao kwenye simu, kwenye barua pepe, kwenye sweta kuukuu. Si zote. Kuna michoro ya Njeri ya miaka ya kwanza ambayo imepotea kabisa, na yeye akiitaja mimi huwa natafuta sindano ya kuokota chini.

Jumamosi kwaya ikaja kupimwa upya. Walikuja wote, kutoka Kibera, foleni kutoka mlangoni kwetu hadi saluni ya tatu. Mama Brayo alikuwa wa kwanza, akachukua tepu kutoka mezani akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Leo utatumia hii," akasema.

Kumbe walijua. Wote walijua kulikuwa na jambo, ila walidhani nimefiwa, wakaona wanikubalie tu niwakumbatie. Nilipima watu arobaini na wawili siku hiyo na sikumpata hata mmoja aliyenisema vibaya, isipokuwa Mzee Ezekiel aliyeomba suruali ifike chini, tafadhali. Wiki tatu baadaye lile kanisa la Kawangware likatualika tena, na safari hii ile taa ilikuwa taa, hata ukiwa umesimama barabarani.

Sasa hivi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunasukuma cherehani ukutani, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi analeta viti, mama wa dawa analeta maswali, na Diana anatufunza: nywila, nakala mbili, moja ikae mbali na isichomekwe ovyo, na programu ya bure ya mtu asiye na picha uikimbie. Mwanzo tulikuwa sita. Mwezi uliopita wengine walisikilizia mlangoni.

Mimi nimeapa mambo mawili. Kwamba nikiambiwa nisiguse sitagusa, hilo la kwanza, na nitajitahidi. La pili ni kwamba nikikosea nitasema siku hiyo hiyo, kwa sauti, kwa mtu aliye karibu, hata kama ni mteja, kwa sababu wale watu hawakunishinda na kompyuta peke yake, walinishinda na siku zile nilizonyamaza.

Juzi mchana simu ikalia, ni Mama Shiru wa saluni ya kona, sauti imekauka. Skrini yake imejaa maandishi mekundu, na ameketi mbele yake hajui afanye nini, wateja wako na dawa kichwani.

"Perez," akasema, "hata naona aibu kukupigia."

Nilikuwa nimeshatoka mlangoni na tepu shingoni.

"Aibu utaona kesho," nikamwambia. "Saa hii chomoa waya wa intaneti, nakuja."